Pishi ya Daktari Iko Mikononi mwa Nani?

Mzee yeyote aliyewahi kukata mkonge katika mashamba ya Tanga au Morogoro zamani za ukoloni anakijua kipande. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikuandikwa mpaka mkataji ametimiza hesabu ya mafungu ya majani aliyopangiwa. Mkataji alikuwa na neno juu ya mshahara, lakini alikuwa na neno kubwa zaidi juu ya hesabu ile: ni nani aliyeipanga, aliipima kwa nguvu za mkataji gani, na itakuwaje mnyapara akiona watu wanamaliza ngwe kabla ya saa sita?

Swali hilo la ngwe tumelikuta mahali ambapo wengi hawakulitazamia, yaani katika kliniki za madaktari bingwa wa Marekani. Msomaji atacheka. Yatuhusu nini sisi ngwe ya mtu ambaye ujira wake wa mwaka ni dola laki nne au tano? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba bingwa huyo naye siku hizi ni mwajiriwa. Kwa hesabu za chama cha madaktari wa nchi hiyo, mwaka 2012 madaktari 60 katika kila 100 walifanya kazi katika kliniki zilizo mali ya madaktari wenyewe. Mwaka 2024 walibaki 42. Wengi wa wengine wako chini ya hospitali na makampuni. Mtu akisha kuajiriwa, hapimwi tena kwa sifa aliyo nayo kwa wagonjwa wake, bali kwa jedwali lililo mezani kwa meneja. Na jedwali likipindika, mgonjwa ndiye alipaye, kwa dakika zake na kwa fedha zake.

Jedwali hilo hutokana na uchunguzi wa kila mwaka. Chama cha mameneja wa vikundi vya madaktari, Medical Group Management Association, kilichoanzishwa mwaka 1926, huwapelekea watu orodha ndefu ya maswali: bingwa wenu wa moyo amelipwa kiasi gani, amefanya pointi ngapi za kazi, anasaidiwa na wauguzi na makarani wangapi? Majibu hupangwa mstari mmoja toka chini hadi juu. Aliyesimama katikati ndiye kipimo cha kawaida. Aliyewapita wenzake 75 katika kila 100, na aliyewapita 90, nao hutiwa alama. Basi meneja wa kliniki ya mifupa humwita daktari wake akamwambia: wewe walipwa kama mtu wa 75, lakini kazi yako ni ya mtu wa 40. Hapo ndipo mazungumzo ya mkataba huanzia, na mara nyingi ndipo yaishiapo.

Hatusemi kwamba kulinganisha ni kubaya kwa asili yake. Palipokuwa hapana karatasi yoyote, mshahara ulikwenda kwa upendeleo, na daktari mwanamke aliyelipwa chini ya mwanamume wa kazi ile ile hakuwa na cha kumwonyesha mwajiri. Kipimo kilicho wazi ni silaha ya mnyonge pia. Lakini pishi huwa ya haki pale tu muuzaji na mnunuzi wote wawili wajuapo ni nani aliyeichonga.

Natuitazame basi. Zamani kazi ya daktari ilihesabiwa kwa fedha alizoingiza, na fedha hizo zilifuata ukubwa wa mfuko wa mgonjwa kuliko ugumu wa ugonjwa. Profesa William Hsiao wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wakafanya kazi kubwa, wakawauliza madaktari wa fani nyingi walinganishe shughuli zao: muda unaotumika, juhudi ya akili, ustadi wa mkono, na wasiwasi wa kumpoteza mgonjwa. Walitangaza matokeo mwaka 1988. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1989, na tangu tarehe 1 Januari 1992 bima ya serikali iitwayo Medicare, inayowahudumia hasa wazee wa miaka 65 na zaidi, imelipa kwa njia hiyo. Kila huduma ina pointi za kazi ya daktari, pointi za gharama za kliniki, na pointi za bima ya makosa ya uganga. Zote hujumlishwa, zikarekebishwa kwa gharama za mahali, kisha zikazidishwa kwa kiasi cha dola. Meneja apimaye bidii ya daktari huchukua zile za kazi peke yake.

Mwaka 2025, kumwona mgonjwa wa kawaida aliyekwisha julikana kliniki kulikuwa na pointi 1.30 za kazi. Kutoa mtoto wa jicho kulikuwa na 7.35. Ni kusema kwamba mpasuaji wa macho, kwa jicho moja, humpita daktari aliyewaona wagonjwa watano, akawauliza habari za kisukari chao, miguu yao na dawa walizoacha kunywa. Labda ni haki. Kupasua jicho si mchezo. Lakini pointi hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1991 kuna kamati chini ya chama cha madaktari, yenye wajumbe wapatao 30, wengi wao wakitoka katika vyama vya mabingwa, ambayo huipendekezea serikali thamani ya kila huduma. Nayo serikali imekubali sehemu kubwa ya mapendekezo hayo. Kamati hupata habari zake kwa kuwauliza wale wale wafanyao kazi ile: upasuaji huu hukuchukua dakika ngapi? Mwaka 2015 wakaguzi wa Bunge walitoa taarifa kwamba waliojibu maswali hayo walikuwa wachache mno. Mkata mkonge angependa sana kupata kamati ya namna hiyo.

Pishi hiyo nayo hubadilishwa. Mtoto wa jicho alikuwa na pointi 8.52 hadi mwaka 2019, akashushwa. Mwaka 2021 ikawa zamu ya madaktari wa maongezi na ushauri: mgonjwa yule wa kawaida alipandishwa kutoka pointi 0.97 hadi 1.30. Fikiri maana yake. Daktari aliyeona wagonjwa wale wale mwaka ule, bila kuongeza hata mmoja, alijikuta amezidisha theluthi nzima ya pointi katika huduma ile. Sheria yataka jumla ya malipo isizidi, kwa hiyo kiasi cha dola kwa kila pointi kikashushwa, kutoka 36.09 hadi 34.89. Hospitali nyingi zikaona hatari: mikataba yao inawalazimu kulipa zaidi, na fedha iingiayo haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Zikaendelea kuhesabu kwa jedwali la mwaka 2020, huku jirani zao wakitumia jipya. Kwa miaka kadhaa, mtu aliyesoma uchunguzi wa mapato alikuwa akilinganisha pishi mbili zenye jina moja.

Tena liko jambo ambalo twaona halisemwi vya kutosha. Mwaka 1992 kiasi cha kuzidishia kilikuwa dola 31.00. Mwaka 2025 kilikuwa dola 32.35. Pointi zenyewe zimebadilishwa mara nyingi katika muda huo, ni kweli. Lakini bei za vitu katika nchi ile zimezidi maradufu. Kliniki inayotaka kusimama pale pale iliposimama haina budi kuongeza pointi, na njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kumpunguzia kila mgonjwa dakika zake.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mkataba, maana hapa ndipo wajanja huteleza, na wengine huteleza kwa makusudi. Tuseme daktari wa kwanza analipwa dola 400,000 kwa pointi 5,000. Ni dola 80 kwa pointi. Wa pili analipwa 600,000 kwa pointi 10,000. Ni dola 60. Anayepata nyingi kwa pointi ndiye mwenye pointi chache, kwa kuwa pengine ni mgeni ambaye mshahara wake umedhaminiwa, au yuko mji mdogo usio na wagonjwa wengi. Ikiwa meneja atachukua dola 80 za yule na pointi 10,000 za huyu, atapata mshahara wa dola 800,000 ambao hakuna hata mmoja wa wawili hao aupatao. Makosa ya namna hii huandikwa kwenye karatasi nzuri yenye muhuri wa mshauri aliyelipwa, yakaitwa bei ya soko.

Na bei ya soko si maneno ya bure, kwa sababu sheria inaitaja. Kwa sheria inayoitwa kwa jina la mbunge Pete Stark wa California, daktari haruhusiwi kupeleka wagonjwa wa Medicare katika hospitali inayompa fedha, isipokuwa malipo yake ni ya haki ya soko na hayapimwi kwa wagonjwa anaowaleta. Hospitali ya Tuomey, katika mji wa Sumter, South Carolina, iliwafunga mabingwa 19 kwa mikataba ya muda mrefu iliyowalipa zaidi ya fedha iliyokusanywa kwa kazi ya mikono yao. Bingwa mmoja wa mifupa alikataa kutia sahihi, akashitaki. Mwaka 2013 hospitali iliamriwa kulipa dola milioni 237. Rufani ikashindwa mwaka 2015, na mwaka huo huo shauri likamalizwa kwa maafikiano ya dola milioni 72.4. Tangu hapo, kila hospitali imetaka karatasi ya uchunguzi ifungwe pamoja na mkataba kama hirizi. Mwaka 2020 serikali ilipaswa kueleza waziwazi kwamba kulipwa chini ya mtu wa 75 si ushahidi wa haki, wala kulipwa juu yake si ushahidi wa wizi.

Hirizi hiyo ina kazi mbili. Hospitali ikitaka kumvuta bingwa, husema hatulipi chini ya katikati. Lakini watu wote hawawezi kuwa juu ya katikati. Nusu yao hawana budi kuwa chini, la sivyo katikati yenyewe hupanda, na mwaka unaofuata mbio huanza upya. Hospitali ikitaka kumzuia daktari, au muuguzi, au karani, husema soko halituruhusu kupita hapa. Waajiri kumi wakisoma karatasi moja na kusema neno moja, mfanyakazi atajuaje kama hilo ni soko au ni shauri lao la pamoja? Toka miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliwapa waajiri wa afya kinga: uchunguzi wa mishahara usishitakiwe endapo unasimamiwa na mtu wa nje, habari zake zimepita miezi mitatu, waliojibu si chini ya watano, na hakuna mmoja aliye zaidi ya robo. Mwaka 2023 kinga hiyo iliondolewa. Uchunguzi haukukatazwa, lakini kila mmoja sasa utatazamwa kwa matendo yake.

Tumetaja karani na muuguzi, nao si wa kupitwa mbio. Jedwali huonyesha pia idadi ya watumishi kwa kila daktari, na meneja mwenye macho mafupi akiona ana wengi kuliko mtu wa katikati hupunguza. Bingwa aliyenyang'anywa muuguzi wa kumpima mgonjwa presha na karani wa kupokea simu atafanya kazi hizo kwa mikono yake, kwa saa ya bei ghali kuliko zote katika jengo. Pointi zake zitashuka, na mwaka ujao ataitwa mvivu. Kumfundisha daktari mdogo, kukaa na ndugu wa mgonjwa aliyekata tamaa, kumtafuta mama aliyekosa siku yake ya kliniki: mengi ya haya hayana pointi, au yana chache za aibu.

Hapa kwetu jaribio la kulipa kwa kazi iliyohesabiwa lilianza mkoani Pwani mwaka 2011. Shabaha, kama vile idadi ya akina mama wanaojifungulia kituoni, zilitangazwa mapema. Hesabu ilikaguliwa kila baada ya miezi sita. Na malipo yakagawanywa baina ya kituo na watumishi wake. Akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka. Twaona tofauti moja kubwa na mtindo wa Marekani: zahanati ilipimwa kama jahazi moja lenye mabaharia wengi, si nahodha peke yake.

Huko Marekani pishi imebadilishwa tena. Tangu tarehe 1 Januari 2026, serikali imepunguza asilimia 2.5 ya pointi za kazi kwa huduma nyingi zisizohesabiwa kwa muda, kwa hoja kwamba mikono hupata wepesi kwa mazoea. Wapasuaji wamelalamika sana. Huduma za maongezi zimeachwa. Na katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, madaktari zaidi ya 400 wa kliniki za Allina, si wapasuaji bali wale wa mgonjwa wa kila siku, walipiga kura mwezi wa Oktoba 2023 kujiunga na chama cha wafanyakazi. Katika sababu walizozitoa walitaja uchovu, uhaba wa watumishi wa kuwasaidia, na maamuzi juu ya kazi yao yanayofanywa na watu wasiomwona mgonjwa.