Msunobari wa Krismasi na Hesabu ya Miaka Kumi na Miwili

Katika milima ya Appalachia, magharibi ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, hususan katika wilaya za Ashe na Avery, wako wakulima ambao riziki yao, na ya wazee wao kabla yao, imefungamana na mti mmoja tu, msunobari wa Fraser, uliopewa jina la John Fraser, Mskoti mwenye elimu ya mimea aliyezuru milima hiyo mwishoni mwa karne ya 18. Mti huu hupendwa mno kwa sikukuu ya Noeli, kwa kuwa matawi yake ni imara kubeba mapambo, na majani yake hayapukutiki upesi ndani ya nyumba yenye joto.

Mnunuzi aghalabu hudhani kuwa bei anayotajiwa ni ujira wa kukata na kusafirisha, ilhali hakika yake analipia miaka. Mbegu hupandwa kitaluni, na miche hulelewa humo kwa muda ufikao miaka mitano. Kisha huhamishiwa shambani, ambako, ikipandwa kwa nafasi ya futi tano kwa tano, ekari moja huchukua takriban miti 1,700, nayo husubiriwa miaka mingine saba hadi kumi mpaka ifikie kimo cha futi sita au saba. Wala umbo lile, pana chini na lenye kuchongoka juu, si kazi ya maumbile peke yake, kwani kila mwaka, kuanzia Julai, mti mmoja mmoja hupogolewa kwa visu virefu, na wapogoaji wengi ni vibarua watokao Mexico kwa vibali vya msimu, watu wenye ustadi ambao heshima wanayopewa, kwa maoni yangu, haijafikia kadiri ya kazi yao.

Muda wote huo mali imo hatarini. Vimelea vya udongo viitwavyo Phytophthora huozesha mizizi, hasa penye maji yaliyotuama, na udongo ukishaambukizwa hausafiki. Ndiyo maana baadhi ya wakulima huunganisha vikonyo vya Fraser juu ya mashina ya msunobari wa momi wa Japani, wenye mizizi istahimiliyo maradhi hayo.

Soko nalo lina kumbukumbu ndefu. Msukosuko wa iktisadi wa mwaka 2008 ulipowapunguzia wakulima faida, wengi walipanda miche michache, na wengine wakaiacha tijara hiyo kabisa. Upungufu ukadhihiri miaka minane hadi kumi baadaye, miti mirefu ikaadimika na bei ikapanda, hali wanunuzi wanatafuta sababu katika mwaka ule ule.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya shamba la ukoo: kampuni idaiwayo gawio kila mwaka huona taabu kufungia rasilmali yake ardhini kwa muongo mzima, bali mzazi apandaye akijua kwamba yamkini mwanawe ndiye atakayevuna, hupanda kila mwaka kipande kipya badala ya kile kilichokatwa, soko liwe zuri au baya.

Mnunuzi naye ana taklifu yake. Shina lililokatwa huzibwa na utomvu baada ya saa chache. Kwa hiyo likatwe upya kidogo chini, kisha litiwe majini papo hapo, na chombo kisiachwe kikauke, maana mti wenye shina la inchi nne huweza kunywa karibu lita nne kwa siku.