Uzito Umepungua, Je, Damu?

Katika miezi ya kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, mizani na kioo huleta habari njema tupu. Gauni linapwaya, sukari inashuka, magoti yanapumzika. Karatasi ya maabara ina habari zake, nazo huja polepole, pengine mwaka wa pili au wa tatu, wakati mhusika keshajihesabu mzima na kliniki kaiacha.

Anayeitafuta huduma hii kutoka Msamvu, Morogoro, hushika njia ya Dar es Salaam, kilomita zipatazo 190. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ni miongoni mwa zinazoitoa, na pia huweka puto tumboni. Puto si upasuaji: likitolewa, tumbo linabaki lilivyokuwa. Upasuaji wenyewe una aina mbili kubwa. Katika ya kwanza, karibu asilimia 80 ya tumbo hukatwa na kuondolewa. Katika ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mdogo mbele zaidi. Madini ya chuma hufyonzwa hasa mwanzoni mwa utumbo huo. Chakula kikipitishwa kando, ni kama basi la Dodoma lililopita Msamvu bila kuingia stendi: abiria wa pale wanaachwa.

Mtu akipewa majibu, jicho hukimbilia HB, yaani wingi wa damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, na chini ya 13 kwa mwanamume. Lakini HB hushuka mwishoni. Kabla yake huisha akiba ya chuma, ambayo kipimo chake ni feritini. Mwanamke mwenye HB 12.3 na feritini 9 hana upungufu wa damu kwenye karatasi, ila ghala lake ni tupu. Uchovu, nywele kukatika na hamu ya kutafuna barafu au udongo wa pemba vinaweza kuanza hapo. Na udongo huo unaweza kuzuia hata chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe.

Feritini nayo ina hila. Hupanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe. Aliyepimwa siku ya malaria akaambiwa ana 60 asishangilie: kwa mtu mzima mwenye maambukizi, Shirika la Afya Duniani hulitazama hata jibu lolote chini ya 70 kama dalili ya upungufu wa chuma.

Kwenye picha kamili ya damu kuna mstari wa MCV, ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, kwa kawaida kati ya 80 na 100. Chuma kikipungua, chembe huwa ndogo. Vitamini B12 ikipungua, huwa kubwa. Baada ya upasuaji vyote viwili vinaweza kupungua pamoja. Ndogo na kubwa zikachanganyika, wastani ukasoma 88, safi kabisa. Unaobaini tatizo ni mstari wa RDW, unaoonyesha jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa. Ukipanda, MCV nzuri isimtulize mtu.

B12 huhitaji asidi ya tumbo na protini maalumu inayotengenezwa humo humo. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huchelewa kujitokeza. Hapa FEFO, vidonge vya chuma na foliki asidi, zinazonunuliwa kiholela zina hatari: foliki asidi iliyomo inaweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. HB inapanda, miguu inazidi kufa ganzi.

Kalsiamu ya damu pia hudanganya. Ikipungua kidogo tu, homoni ya PTH huichota kwenye mifupa ili damu ibaki sawa. Jibu la kalsiamu bila PTH na vitamini D halisemi nani analipa gharama.

Kuna upungufu usiosubiri maabara. Aliyefanyiwa upasuaji akitapika mfululizo kwa siku kadhaa anaweza kuishiwa vitamini B1, ambayo akiba yake ni ya wiki chache tu. Akianza kuyumba au kuona viwili viwili, awahi hospitali. Dawa hutangulia majibu.

Ratiba ya kawaida ni kupima miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, maisha yote. Si lazima kila mara mtu arudi Dar. Lakini daktari wa Morogoro asiyejua kwamba tumbo limekatwa atasoma karatasi kama ya mtu mwingine yeyote. Basi mgonjwa aseme alifanyiwa upasuaji wa aina gani na mwaka gani, ataje vidonge anavyomeza, na aweke majibu ya zamani pamoja na mapya. Feritini iliyotoka 80 ikaja 45, kisha 22, inaonyesha inakoelekea hata kama maabara haijaiwekea alama nyekundu.