Lapi Inachemka Isiolo? Usilaumu Jua, Cheki Prolog Yako

Msee, uko Bula Pesa saa nane mchana, stima imepotea, betri iko 18%, na feni ya lapi inalia kama lori la ng'ombe likipanda mlima. Programu uliyoanzisha asubuhi bado haijatoa jibu. Ushaanza kuwaza utatoa wapi doo ya mashine mpya. Tulia kwanza.

Prolog ni ile lugha ya mantiki iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, kazi ya Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Huipangii hatua. Unaipa ukweli na sheria, jibu inajitafutia. Shida ni ubishi: ikishika njia moja inaifuata hadi mwisho. Njia ikikosa mwisho, hiyo ni ngori.

Chukua barabara zetu. Umeandika Isiolo imeungana na Marsabit, Marsabit na Isiolo, Marsabit na Moyale, Isiolo na Modogashe, Modogashe na Wajir. Kisha sheria inayoitwa fika: unafika mji kwa barabara ya moja kwa moja, ama kwa kupitia mji mwingine. Sasa uliza kama utafika Lamu, ambayo hukuiandika. Itaenda Marsabit, irudi Isiolo, iende Marsabit tena, kama matatu inayozunguka steji ikisaka abiria. Prosesa inagonga 100%, memori inajaa, programu inaanguka.

Kwa SWI-Prolog, ambayo ni ya bure, bonyeza Ctrl-C halafu a, itaacha. Siku nyingine funga swali ndani ya call_with_time_limit(5, ...), ijikate yenyewe baada ya sekunde 5.

Halafu pima. Andika time(fika(isiolo, moyale)). na utaona imepiga hatua ngapi za mantiki na imekula sekunde ngapi za prosesa. Mimi huamini zaidi hesabu ya hatua, juu sekunde hubadilika ukifungua YouTube kando. Bado hujui nani anakula nguvu? Weka swali ndani ya profile(...). Itakutajia kila sheria, imeitwa mara ngapi na imechukua asilimia ngapi ya muda. Na manze, mara nyingi mwizi si yule ulikuwa unamshuku.

Kwa kesi yetu ya barabara, mstari mmoja unatosha. Weka :- table fika/2. juu ya sheria. Sasa inakumbuka miji ilishapita, na ukiuliza Lamu inakujibu hapana, fasta.

Cheki pia mpangilio. Ukimsaka muuza maziwa ya ngamia wa Bula Pesa, huanzi kuuliza kila mtu Kenya kama anauza maziwa, ndio umuulize anaishi wapi. Sharti linalobakisha watu wachache litangulie. Hiyo table nayo usiimwage kila mahali, kwa sababu kila inachokumbuka kinakaa kwa memori, na lapi yako ya GB 4 tunaijua.