Mikono Inayonyosha Mguu wa Mtoto

Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja au wawili huja duniani na mguu uliopinda: kisigino kimepanda juu, vidole vimegeukia ndani, na unyayo hautazami ardhi bali wautazama mguu wa pili. Wavulana hupatwa na jambo hili mara mbili zaidi ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili. Mtoto mwenyewe haumwi. Hunyonya, hulala na kulia kama wenzake. Wanaoumia siku zile ni wazazi, maana majirani wameanza kunong'ona.

Twayajua yanayonong'onwa. Ati mama alivuka kitu kilichokatazwa. Ati baba ana deni kwa wazee. Ati kuna mkono wa mtu. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza habari za kipofu wa tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyekosa au wazazi wake, na Bwana wetu alikataa yote mawili. Jibu hilo lamtosha Mkristu. Kwa upande wa elimu, wataalamu hawajaifumbua sababu yote. Wameona tu kwamba ulemavu huu hurudi katika jamaa fulani, na kwamba mguu ulioanza kuumbika vema hupinda katika miezi ya katikati ya mimba. Hakuna mama aliyeupinda.

Basi, mguu huo wanyoshwaje? Hippokrate, mganga wa Wagiriki wa kale, aliandika zamani sana, yapata miaka 2400 iliyopita, kwamba ufungwe kwa vitambaa, taratibu, tangu utoto. Wengi waliomfuata hawakuwa na uvumilivu huo. Wengine waliulazimisha mguu kwa vyuma. Na katika karne ya 20, kisu kilipopata heshima kubwa, madaktari walifungua mguu wa mtoto, wakakata na kurefusha kano, wakaufunga. Mtoto alitoka hospitalini na mguu mnyofu, wazazi wakashukuru. Nani angeuliza zaidi?

Aliyeuliza ni Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, mwana wa fundi wa saa, na alipokuwa kijana alimsaidia baba yake kuunganisha vigurudumu vile vidogo visivyovumilia nguvu. Alimaliza udaktari Barcelona mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamkuta palepale, akawatibu majeruhi wa jeshi la Jamhuri. Mwaka 1939 aliwavusha majeruhi hadi Ufaransa kwa njia za milimani. Alikaa kwanza Meksiko kama mganga wa kijijini, kisha mwaka 1941 akafika katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani.

Huko alifanya jambo ambalo kwetu sisi ndilo shina la habari hii yote. Aliwatafuta watu waliopasuliwa miguu wakiwa watoto wachanga, ambao sasa walikuwa watu wazima, akaipima miguu yao. Akaikuta imekakamaa, dhaifu, yenye maumivu. Kazi iliyosifiwa siku ya kutoka hospitalini ilikuwa imeshindwa miaka 20 baadaye, na hakuna aliyekuwa amerudi kutazama.

Ndipo alipoanza upya, kwa kuujua mguu wenyewe. Alichunguza miguu ya watoto waliozaliwa wafu, akatazama kano zao kwa hadubini. Aliona kwamba nyuzi za kano zile zina mawimbi madogo, mfano wa nywele zilizosukwa kisha zikafumuliwa. Ukizivuta polepole, mawimbi hunyoka na kano hurefuka. Baada ya siku chache mawimbi hurudi, na kano yaweza kuvutwa tena kidogo. Mifupa ya mtoto mchanga nayo bado ni gegedu laini, hufuata inapoelekezwa. Maana yake, mguu wa mtoto hauhitaji nguvu. Wahitaji mikono inayojua mahali pa kushika, na siku za kungoja.

Kazi yenyewe huanza katika majuma ya kwanza ya maisha. Mtoto ananyonya, ametulia. Mtaalamu huweka kidole gumba upande wa nje wa mguu, juu ya kichwa cha mfupa wa kifundo. Mfupa huo lazima ukae imara, na mkono mwingine ndio unaouzungusha mguu kwenda nje, polepole, kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha mguu hufungwa plasta tangu vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Baada ya siku tano hadi saba plasta hutolewa, mguu hunyoshwa tena, na plasta nyingine hufungwa. Mara nyingi plasta tano au sita zatosha. Mtu asiyefundishwa angeushika mguu na kuusokota kinyume, kama asokotavyo kamba, na ndivyo unavyoharibika zaidi. Mwanzoni, upande wa kidole kikubwa huinuliwa juu, jambo ambalo mtazamaji hulistaajabia. Daktari Kite wa Atlanta, ambaye naye alipenda mikono kuliko kisu, alikandamiza mahali pasipo pake, akakizuia kisigino kisigeuke, na watoto wake walikaa katika plasta miezi mingi. Tofauti yao ni upana wa vidole viwili tu.

Mwishoni kisigino mara nyingi hukataa kushuka. Hapo daktari hutia dawa ya ganzi na kuukata ukano mkubwa wa nyuma kwa tundu dogo lisilohitaji kushonwa. Wazazi huogopa sana wakisikia habari hiyo. Wajue kwamba ukano huo huota upya na kuungana, ukiwa mrefu zaidi, ndani ya majuma matatu ya plasta ya mwisho.

Ponseti alitangaza matokeo yake mwaka 1963, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Lakini Iowa waliendelea kutazama. Mwaka 1995 ulitangazwa uchunguzi wa watu 45 aliowatibu, wenye miguu 71 iliyopinda, ambao sasa umri wao kwa wastani ulikuwa zaidi ya miaka 30. Waliokuwa na miguu mizuri au mizuri sana ni 78 katika mia. Kati ya watu waliozaliwa na miguu mizima, waliopimwa kwa namna ileile, walikuwa 85 katika mia. Tofauti ndogo namna gani! Na hata hivyo waliolivumisha jambo hili sana si madaktari bali wazazi, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kuelezana kwa njia ya intaneti. Ponseti aliendelea na kazi hadi mwaka wa kufa kwake, 2009, akiwa na umri wa miaka 95.

Je, lazima awe daktari mpasuaji? Huko Toronto, Kanada, walilinganisha watoto walioongozwa na madaktari wapasuaji na walioongozwa na wataalamu wa kinesiterapia. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba wataalamu hao hawakushindwa, tena watoto wao walihitaji kupasuliwa baadaye mara chache zaidi. Malawi, nchi yenye wapasuaji wachache, iliwafundisha waganga wasaidizi, na kazi yao ikaonekana njema. Wafaransa wana njia yao: mtaalamu hunyosha mguu kila siku kwa mikono na kuufunga utepe. Uchunguzi wa Dallas wa mwaka 2008 uliona njia hizo mbili zakaribiana. Lakini mama atembeaye saa nne kufika hospitalini, ataendaje kila siku? Kwetu sisi, mara moja kwa juma ndiyo njia ya watu wetu.

Sasa tufike panapouma. Plasta ya mwisho ikitolewa, mguu ni mnyofu, na mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, vidole vikitazama nje. Huvivaa saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana mpaka afike miaka minne. Mwaka 2004 Iowa walitangaza habari za watoto 157: karibu miguu yote ilikuwa imenyoka, na sababu kubwa ya iliyorudi kupinda ni kuachwa kwa viatu. Ukali wa ulemavu wa kwanza haukuwa sababu, wala wingi wa plasta. Mtoto hulia usiku wa kwanza na wa pili, bibi humhurumia, mguu waonekana mzuri. Viatu hutundikwa ukutani. Mwaka haujaisha, kisigino kimepanda tena. Sisi walimu twawapokea watoto hao shuleni wakiwa na miaka saba, wakikanyaga kwa upande wa mguu, wa mwisho katika kila mstari.

Akina baba, hapa hatuwezi kunyamaza. Twaona kliniki mama peke yake, mtoto mgongoni, nauli ya kukopa. Kazi ya miaka minne haibebwi na mtu mmoja.

Viatu vyenyewe si lazima vitoke Ulaya. Uganda, katika nyumba ya watoto walemavu ya Katalemwa, Kampala, fundi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya ngozi na chuma cha kawaida, vinavyoweza kutengenezwa kwa vyombo vya fundi wa viatu wa mjini petu. Nyuma ya kila kiatu pana tundu dogo. Mama akimvalisha mtoto, na achungulie hapo: akiona kisigino kimeshuka hadi chini, akaze kamba amlaze, asipokiona, alegeze na kuanza tena.