Mtoto wa mkulima wa zabibu wa Dodoma ajifunza kuonja mvinyo Birmingham

Jioni ikiingia, barabara ya Ladypool katika eneo la Sparkbrook, mjini Birmingham, hunukia bizari na nyama ya kuchoma. Hapa kuna maduka ya vitambaa, wauza tende, na mikahawa ya balti, chakula kinachopikwa na kuletwa mezani katika karai dogo la chuma. Hata hivyo, sisi hatukufuata balti. Tulifuata mvinyo.

Huenda msomaji akashangaa. Wakazi wengi wa Sparkbrook ni Waislamu, wengi wao wenye asili ya Pakistan, na wapo pia Wasomali na Wayemeni. Mikahawa mingi haina leseni ya kuuza pombe. Balti ilipoanza kupata umaarufu, miaka ya 1970 na 1980, ilikuwa jambo la kawaida mteja kuja na chupa yake mkononi. Wapo wenye mikahawa wanaoruhusu hadi leo, na wapo waliobandika tangazo la kukataza.

Mwenyeji wetu ni Mtanzania, dereva wa basi, mwenyeji wa Dodoma. Ametuomba tusitaje jina lake.

"Majirani zangu ni watu wa swala tano, na tunaheshimiana sana," alituambia. "Wanajua ninachokipenda, lakini sina haja ya kuwatangazia."

Chupa zake huzibeba katika mfuko mweusi, na tulionja nyumbani kwake, mezani jikoni.

Rangi, harufu, ladha

Alianza kwa udadisi tu, baada ya mfanyakazi mwenzake kumkaribisha glasi moja. Baadaye akajiandikisha katika masomo ya jioni yanayofuata mtaala wa Wine & Spirit Education Trust, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1969. Mwanafunzi hufundishwa kutazama rangi kwanza, kisha kunusa, kisha kuonja. Kinywani hupima utamu, uchachu, ukakasi, nguvu ya kileo, na muda ambao ladha inabaki baada ya kumeza. Au baada ya kutema, maana waonjaji hutema.

Kilichomshinda mwanzoni ni maneno.

"Mwalimu alitaja matunda ya Ulaya ambayo sijapata kuyaona," alisema. "Wenzangu wanaandika, mimi nimeshika kalamu tu. Nikajiona mjinga."

Siku moja akaamua kuandika kwa Kiswahili. Alitufungulia daftari lake. Sauvignon Blanc ya New Zealand: mapera na pasheni. Gewürztraminer: shokishoki na waridi. Riesling iliyokaa miaka mingi chupani: mafuta ya taa.

Hapo tulicheka, lakini tuliponusa glasi tukaacha kucheka. Ilikuwa harufu ya kibatari kabisa. Tuliambiwa kuwa wataalamu wanaijua harufu hiyo, na wengine wanaipenda.

Kuhusu ukakasi, alitukumbusha bibo la korosho linavyokausha ulimi, au chai ya rangi iliyoachwa muda mrefu kwenye majani. Ukakasi wa mvinyo unatokana na tanini zilizomo katika maganda na mbegu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana unakausha kinywa. Zabibu za mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza na maganda huondolewa.

Anasema somo hilo linafaa hata kwa balti. Pilipili huufanya ukakasi na kileo vionekane vikali zaidi. Kwa chakula cha namna hiyo yeye huchagua mvinyo mweupe wenye utamu kidogo.

Shamba la baba

Chupa ya mwisho ilitoka Dodoma. Aliletewa na shemeji yake, imefungwa ndani ya sweta.

Zabibu zilipelekwa Dodoma na wamisionari wa Kiitaliano katika miaka ya 1950. Ni nchi kame, mvua zake hunyesha kati ya Desemba na Aprili, lakini zabibu zimeikubali. Mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, wakati mwenzake wa Ulaya huvuna mara moja. Miaka ya 2000 kiwanda cha Cetawico kilianza kusindika zabibu huko Hombolo. Sheria ya ushuru nayo imekuwa ikiupa nafuu mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini.

Tatizo la mkulima ni kwamba zabibu iliyoiva haingoji mnunuzi. Mwenyeji wetu anakumbuka msimu mmoja ambapo mnunuzi waliyemtegemea alisema matangi yake yamejaa.

"Zilioza shambani, nyuki wakazijaa," alisema. "Baba alikaa barazani siku mbili bila kusema kitu. Ada yangu ya shule ilikuwa mle."

Tulimwuliza kama aliupa mvinyo huo alama za upendeleo. Alitikisa kichwa. Daftarini ameandika: zambarau, ukwaju kwa mbali, uchachu mzuri, lakini harufu imefifia. Anadhani joto la safarini limeudhuru.

"Nilitaka kuupa alama nyingi," alisema. "Lakini nikisema uongo hapa, nitakuwa nimejifunza nini?"

Usiku ule ule alipouonja mara ya kwanza alimpigia simu baba yake. Mzee amelima zabibu maisha yake yote, lakini mvinyo anaoujua ni dompo, ule mtamu unaonywewa vijiweni. Mwanawe akamsomea yaliyomo daftarini: zambarau, ukwaju, uchachu mzuri.

Mzee alifurahi, akaomba asomewe tena. Kisha akauliza: "Sasa huko, kilo moja wananunua kwa shilingi ngapi?"

Mwenyeji wetu anasema bado anatafuta jibu la kumpa.