Kuchagua Umbo la Chasisi ya Roboti ya Mashindano

Mwalimu akiwauliza wanafunzi ni umbo gani lifaalo kwa chasisi ya roboti, wengi watachora mraba. Mraba hukatwa kwa urahisi, na betri na mota hupangika vizuri juu yake. Hata hivyo, jibu hilo lisikubaliwe kabla ya kuuliza roboti yenyewe itapita wapi.

Tuchukue mashindano ya Micromouse, yaliyofanyika Marekani mwaka 1979. Humo roboti ndogo hujitafutia njia ndani ya mzingile. Katika mzingile wa kawaida kila chumba kina sentimita 18 kwa 18, na kuta zina unene wa sentimita 1.2, hivyo njia hubaki na upana wa sentimita 16.8. Mwanafunzi mwenye chasisi ya mraba wa sentimita 13 ataona kuwa nafasi ni tele. Roboti yake itakwenda vema mpaka ifike mahali njia inapozibwa. Hapo italazimika kugeuka papo hapo, nayo itakwama, kwa kuwa ulalo wa mraba huo ni sentimita 18.4.

Jambo hili lisifundishwe kwa maneno matupu. Wanafunzi wachore njia hiyo kwa mistari miwili sambamba, wakate kadibodi mraba wa sentimita 13 na duara lenye kipenyo hichohicho, wachomeke pini katikati ya kila umbo, kisha walizungushe katikati ya njia. Pembe za mraba zitavuka mistari, duara halitavuka.

Wengi wetu huishia hapo, nalo ni kosa. Sasa pini ichomekwe sentimita 3 nyuma ya kitovu cha duara. Duara nalo litavuka, maana ukingo wake wa mbele uko sentimita 9.5 kutoka kwenye pini. Roboti yenye magurudumu mawili, kila moja na mota yake, huzungukia nukta iliyo kati ya magurudumu hayo, si kitovu cha umbo lake. Mahali pa magurudumu, basi, pachaguliwe pamoja na umbo.

Katika sumo ya roboti ndogo, ambamo kila roboti hujaribu kumsukuma mwenzake nje ya uwanja, masharti ni sentimita 10 kwa 10 na uzito usiozidi gramu 500. Uwanja hauna kuta. Wanafunzi wapewe masharti hayo wachague upya; yamkini wengi wataurudia mraba, na safari hii waulizwe sababu.