Jembe Huchaguliwa kwa Shamba: Kijana wa Bujonde na Kamera Yake

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Walikuwa wakimkemea mvivu ambaye mvua inanyesha na kukatika naye bado anapapasa mipini. Lakini, ndugu msomaji, wahenga hao hao hawakumpa mtu kijembe cha palizi akavunje nacho mbuga ya mpunga. Kuchagua mno ni uvivu, na kutochagua kabisa ni hasara. Kati ya mawili hayo ndipo anaposimama leo kijana anayependa kupiga picha, akitafuta kamera itakayomfaa.

Tumchukue kijana wa kata ya Bujonde, wilayani Kyela. Simu ya mkononi imekwisha kumfundisha mengi. Ameanza kutambua mwanga wa asubuhi na mwanga wa jioni, na jirani humwita kila kunapokuwa na shughuli. Wala hana haja ya kusafiri mbali kutafuta cha kupiga. Tambarare ya Kyela ina mpunga, michikichi, na mikakao iliyojificha kivulini mwa migomba. Upande wa kusini liko Ziwa Nyasa na mitumbwi ya wavuvi. Mashariki imesimama safu ya Milima ya Livingstone, na chini yake, huko Matema, huuzwa vyungu vya akina mama wa Kikisi. Sasa simu haimtoshi. Kakao imeuzwa mnadani, fedha kidogo imepatikana, naye anamwendea mzazi wake na ombi: anataka kamera.

Mzazi atauliza, kamera ipi? Swali hilo ni jema, na jibu lake si jina la kampuni.

KAMERA INA UKOO

Jambo la kwanza ambalo kijana na mzazi wapaswa kulielewa ni kwamba kamera ya kubadilisha lenzi hainunuliwi peke yake. Ina ukoo wake: bodi, lenzi, betri, chaja, na taa ya kumulika. Lenzi hufungwa kwenye mdomo wa bodi, na kila ukoo una mdomo wake. Lenzi ya Canon haiingii katika bodi ya Nikon, wala ya Sony haiingii katika ya Canon. Kwa hiyo anayenunua bodi ya kwanza ameoa katika ukoo, na kila senti atakayoitumia baadaye itafuata huko huko.

Ukoo nao huweza kufa. Mwaka 1987 kampuni ya Canon ilianzisha kamera zake za EOS zenye mdomo mpya wa EF. Watu waliokuwa wamekusanya lenzi za mdomo wa zamani, FD, wakakuta haziingii tena. Nikon, kwa upande wake, ilidumisha mdomo wake wa F tangu mwaka 1959, ingawa baadhi ya lenzi za zamani huingia katika bodi ndogo za kidijitali bila kuweza kujilenga zenyewe. Hata hivyo Nikon hiyo hiyo ilianzisha mwaka 2011 ukoo mwingine mdogo ulioitwa Nikon 1, na mwaka 2018 ukawa umekwisha. Canon nayo ilianzisha mdomo wa EF-M mwaka 2012, nao pia umekwisha kuachwa.

Siku hizi makampuni yameelekeza nguvu katika kamera zisizo na kioo ndani yake. Mwaka 2018 Canon ilitoa mdomo wa RF na Nikon ikatoa mdomo wa Z. Kamera za kioo hazikugeuka takataka kwa sababu hiyo. Kinyume chake, wenye uwezo wanaziuza ili wahamie kwenye mpya, na lenzi zake zilizokwisha kutumika zimejaa sokoni kwa bei nafuu. Tena kipo kipete cha kuunganishia, kinachowezesha lenzi nyingi za EF kufanya kazi katika bodi mpya za RF. Kwa kijana mwenye fedha kidogo hiyo ni habari njema: aweza kuanza na ya zamani, kisha akahama baadaye bila kuzitupa lenzi zake.

Kamera ya kioo ina faida nyingine kwa mtu wa kijijini. Jicho huona kupitia lenzi yenyewe bila kutumia kiwambo cha umeme, kwa hiyo betri moja hudumu kwa picha nyingi zaidi. Umeme ukikatika siku ya harusi, jambo hilo si dogo.

SHAMBA LAKO NI LIPI?

Baada ya ukoo, kijana ajiulize atapiga nini, na katika mwanga gani. Wengi huhesabu megapikseli kama mtu anayehesabu magunia, wakasahau kwamba picha huanzia kwenye lenzi.

Tuseme anapenda kupiga watu: bibi akianua mpunga, watoto chini ya mkakao, ngoma jua linapozama. Huko mwanga ni haba. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, mara nyingi hufungua tundu lake kufikia f/5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo huwa miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika koo kubwa, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Ile ya kwanza itatoa uso uliofifia na mkono uliotikisika. Hii ya pili itatoa macho ya bibi yakiwa hai. Katika bodi za kawaida, ambazo kihisi mwanga chake kina ukubwa wa takriban milimita 24 kwa 16, lenzi hiyo huleta mada karibu kiasi, nayo hufaa sana kwa picha za nyuso.

Lakini kama shauku yake ni ndege wa majarubani au mvuvi aliye mbali majini, atahitaji lenzi ndefu, ya milimita 300 au zaidi, na gharama hupanda. Anayetaka yote mawili kwa mara moja, na mfuko ni mmoja, ataishia kupata nusu ya kila kimoja. Achague shamba moja kwanza.

MVUA YA KYELA

Shamba lina udongo, na udongo wa mpiga picha ni hali ya hewa. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na joto la bonde la ziwa halitoki. Hapo adui wa kamera si mwizi peke yake, bali pia kuvu. Huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na asidi yake hula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo. Lenzi iliyofikia hapo haponi kwa kufutwa na kitambaa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kamera isilazwe katika mfuko wa ngozi wala kabatini pamoja na nguo, maana vyote hivyo hushika unyevu. Iwekwe katika chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya chembe za silika, vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na redio. Chembe zikishiba unyevu hukaushwa kwa moto mdogo na kurudishwa kazini. Wapo wanaoamini kwamba mchele hufanya kazi hiyo. Mchele wa Kyela una sifa yake mezani, lakini hunyonya unyevu kidogo tu, na vumbi lake huingia katika matundu ya kamera. Uachwe kwa wali.

FEDHA IGAWANYWE

Mzazi na kijana wakiisha kukubaliana, fedha yote isiishie kwenye bodi. Bodi huzeeka upesi, lakini lenzi njema hudumu miaka mingi. Afadhali bodi iliyotumika pamoja na lenzi nzuri, betri ya pili, kadi mbili za kumbukumbu na chombo cha kuhifadhia, kuliko bodi mpya inayong'aa yenye lenzi hafifu.

Anayenunua kitu kilichotumika, iwe Mbeya au Kariakoo, aende na tochi. Amulike lenzi kutoka upande mmoja na kuchungulia kutoka upande wa pili, na akiona nyuzi nyeupe, arudishe. Apige picha ya ukuta mweupe atafute madoa. Aulize kamera imekwisha kupiga picha ngapi, kwa maana shata nayo ina umri wake. Muuzaji asiyeruhusu majaribio hayo amekwisha kujibu.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Pengine mzazi atasema kwamba hiyo ni anasa. Hebu atafakari. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikaa miongoni mwa Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica Wilson akachapisha kitabu chake Good Company. Karatasi zao, pamoja na picha, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Tunawashukuru kwa kuhifadhi. Lakini mjukuu anayetaka kuona sura za enzi hizo anapaswa kuzitafuta Afrika Kusini. Nasi tunajua, msiba unapotokea, jinsi familia nyingi zinavyohangaika kutafuta picha ya marehemu, hatimaye wakaikuza ile ndogo ya kitambulisho.

Wala historia haisemi kwamba kazi kubwa huanza na chombo kikubwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha kutumika, kasha lenye lenzi moja isiyobadilishwa. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu.

Basi, kijana wa Bujonde, wakati ukikusanya fedha, simu yako isilale. Piga nayo wazee wa nyumbani kwako mmoja mmoja, andika jina la kila mmoja na mwaka, kisha chapisha picha chache kwenye karatasi uwape wenyewe. Utakapofika dukani utakuwa umekwisha kulijua shamba lako, na jembe utalichagua upesi. Na wewe mzazi, kabla ya kutoa fedha, mwombe akuonyeshe picha hizo. Ukimwona bibi yake humo, akitazama kama anavyotazama siku zote, utakuwa umepata jibu la ombi lake.